Sikoseli Mara: tupime mwendo wa damu kabla ya maumivu

Mwanafunzi wa biolojia wa chuo kikuu, awe Chicago au Tokyo, akifika kwenye sura ya uteuzi asilia huenda akakutana na Musoma. Hukutana nayo katika jedwali dogo lililotokana na kazi ya Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, ambaye mwaka 1956 alichapisha matokeo ya damu ya wakazi wa Wilaya ya Musoma, Tanganyika. Wilaya hiyo wakati ule ilikuwa kubwa kuliko ya leo. Butiama ilikuwa ndani yake. Watoto wachanga 287 walipimwa: 189 walikuwa na himoglobini ya kawaida, 89 walibeba jeni moja ya sikoseli, na 9 walikuwa na jeni mbili, yaani ugonjwa wenyewe. Watu wazima 654 nao walipimwa, na katika makundi hayohayo matatu wakawa 400, 249 na 5. Kinachowavutia waandishi wa vitabu ni kundi la katikati. Wabebaji wa jeni moja walikuwa asilimia 31 kwa watoto na 38 kwa watu wazima, kwa sababu jeni moja humkinga mtu dhidi ya malaria kali, na wanaoibeba huishi kwa wingi zaidi. Ni ushahidi safi, na umewafundisha mamilioni ya wanafunzi jinsi ugonjwa unavyoweza kuchonga kizazi cha watu.

Kundi la mwisho halizungumzwi sana. Watoto 9 kati ya 287 ni zaidi kidogo ya asilimia 3. Kama wote wangefika utu uzima, kati ya wale watu 654 tungetarajia wenye ugonjwa 20 hivi. Walikuwa 5. Ni kweli kwamba watoto waliopimwa na watu wazima waliopimwa hawakuwa watu walewale, na namba ndogo kama hizi zinaweza kupanda au kushuka kwa bahati tu. Hata hivyo mwelekeo wake hauna utata: wengi wa waliozaliwa na sikoseli kando ya Ziwa Victoria miaka ile walizikwa wakiwa wadogo. Sayansi ilichukua damu, ikapata ilichokuwa ikikitafuta, ikaondoka. (Allison huyohuyo, katika jaribio alilolichapisha mwaka 1954, aliwaambukiza malaria kwa makusudi Wajaluo watu wazima 30: kati ya 15 wasio na jeni, 14 walipata vimelea, dhidi ya 2 kati ya 15 waliokuwa nayo. Kamati za maadili za leo zisingelipitisha.) Hoja yangu inahusu wale watoto wasioonekana katika safu ya watu wazima, na wenzao wanaozaliwa sasa Musoma, Bunda na Butiama, mkoani Mara. Utafiti wa seli nyekundu na mwendo wa damu umeonyesha kwamba ugonjwa huu hufanya kazi yake kimyakimya muda mrefu kabla mtoto hajalia kwa maumivu. Ikiwa hivyo ndivyo, basi huduma inayoanza mtoto anapofikishwa wodini akilia imechelewa, na sehemu ya kurekebisha ni kliniki ya mama na mtoto iliyo karibu na nyumbani kwake.

Seli nyekundu ya damu ni kifuko laini kisicho na kiini, chenye upana wa maikromita 7 hadi 8, kilichojaa himoglobini. Mishipa midogo kabisa ambako oksijeni hushushwa inaweza kuwa myembamba kuliko seli yenyewe, kwa hiyo seli hulazimika kujikunja ili ipite. Kwa mwenye sikoseli kosa ni dogo ajabu: mahali pa sita katika mnyororo wa beta wa himoglobini pamekaa valini badala ya asidi ya glutamiki, jambo lililobainishwa na Vernon Ingram huko Uingereza miaka ya 1956 na 1957. Himoglobini hiyo ikiwa na oksijeni haina shida. Ikishaishusha, molekuli zake hushikana na kuunda nyuzi ndefu ngumu, nazo nyuzi huivuta seli mpaka ichukue umbo la mundu. Umbo hilo ndilo lililobandikwa kwenye mabango ya hospitali tangu James Herrick wa Chicago alipolieleza mwaka 1910, na kwa maoni yangu limetupotosha kidogo. Tatizo la mgonjwa ni ugumu wa seli. Seli inaweza kuonekana ya mviringo chini ya hadubini na bado ikawa imekakamaa kiasi cha kushindwa kujikunja, na seli iliyokakamaa ikifika kwenye mshipa mwembamba hukwama, ikazikwamisha na zile zinazoifuata.

Mwaka 1974 watafiti watatu wa Marekani, James Hofrichter, Philip Ross na William Eaton, walichapisha jambo ambalo lingepaswa kufahamika kwa kila mganga wa wilaya. Waligundua kwamba nyuzi zile hazianzi kuundwa mara tu oksijeni inapoondoka. Kwanza kuna muda wa kungoja. Seli huhitaji takriban sekunde moja kukatiza mshipa mwembamba, na sekunde chache zaidi kurudi kwenye mapafu kuchukua oksijeni nyingine. Ikiwa muda wa kungoja ni mrefu kuliko safari hiyo, seli hupita salama, himoglobini yake ikiwa bado majimaji. Ikiwa ni mfupi, inakwama njiani. Na muda huo unategemea mno mkolezo wa himoglobini ndani ya seli: katika vipimo vyao ulibadilika kwa kipeo cha takriban 30. Tafsiri yake kwa hesabu ya darasani ni kwamba mkolezo ukipungua kwa asilimia 10 tu, muda wa kungoja unaongezeka zaidi ya mara 20. Sijui sheria nyingine katika tiba ambapo badiliko dogo kiasi hicho hununua nafasi kubwa kiasi hicho. Mwaka 2007 John Higgins na wenzake, nao wa Marekani, walitengeneza vijimfereji vyembamba kama mishipa, wakapitisha damu ya wagonjwa na kupunguza oksijeni. Damu ikasimama, na oksijeni iliporudishwa ikaanza tena kutiririka. Jambo lililoonekana pale ni mashindano ya saa mbili: saa ya nyuzi na saa ya safari.

Ukishayaelewa mashindano hayo, mashauri ambayo muuguzi humpa mama harakaharaka mwisho wa kliniki yanageuka kuwa tiba kamili. Maji ni tiba, kwa sababu seli iliyopoteza maji ina himoglobini iliyokolea na saa yake ya nyuzi inakwenda mbio. Homa ni hatari, kwa sababu joto huharakisha nyuzi na jasho huondoa maji. Baridi nayo ni hatari kwa sababu hubana mishipa na kuchelewesha safari. Mtoto aliyezama ziwani Musoma kisha akasimama kwenye upepo akiwa amelowa anaweza kuanza kuumwa mifupa usiku uleule. Viungo vinavyoumia kwanza ni vile ambavyo damu hupita polepole: uloto wa mifupa, bandama, na sehemu ya ndani ya figo. Figo ikishaathirika hushindwa kubana maji, mtoto akawa anakojoa mara kwa mara mchana na kulowesha kitanda usiku. Mwalimu wa shule ya msingi anayemnyima mtoto huyu ruhusa ya kwenda chooni, au anayemkataza chupa ya maji darasani kwa sababu ya nidhamu, anaharakisha ugonjwa bila kujua. Kwenye shule ambazo maji hubebwa kwa ndoo kutoka mbali, kama zilivyo nyingi vijijini, mtoto wa sikoseli anastahili kuwa na kikombe chake cha kwanza kabla ya bustani na kabla ya kudeki. Hilo halihitaji bajeti yoyote.

Utafiti uliofuata uliongeza ugumu wa picha. Mwaka 1980 Robert Hebbel wa Minnesota alionyesha kwamba seli za sikoseli hunata kwenye kuta za mishipa, na kwamba wagonjwa ambao seli zao hunata zaidi ndio wenye ugonjwa mkali zaidi. Baadaye ikafahamika kwamba seli zinazopasuka humwaga himoglobini kwenye majimaji ya damu, nayo himoglobini hiyo hufyonza oksidi ya naitriki, kemikali inayoifanya mishipa itanuke. Seli nyekundu ya mtu mzima kiafya huishi siku 120 hivi; ya mwenye sikoseli huishi siku 10 hadi 20. Kwa hiyo kumwaga huko ni kwa kila siku, hata siku ambazo mtoto anacheza mpira na kila mtu anasema amepona. Watafiti wa Muhimbili, Dar es Salaam, na wenzao wa Uingereza walilichukulia jambo hilo kwa uzito, wakawapa watoto wa miaka 8 hadi 12 chakula maalumu cha lishe na kupima jinsi mshipa wa mkono unavyotanuka. Matokeo yake, yaliyotoka mwaka 2018, yalionyesha ukuaji wa watoto na utanukaji wa mishipa vikiimarika. Sikoseli yenye utapiamlo juu yake si ugonjwa uleule wa mtoto aliyeshiba.

Kuna onyo pia, na ninalitaja kwa sababu tuna mazoea ya kuridhika na namba moja kwenye karatasi ya maabara. Damu ikiwa pungufu tunataka iongezeke. Lakini damu ya sikoseli ikiongezwa kupita kiasi inakuwa nzito, inasafiri polepole, na saa ya nyuzi inashinda. Ndiyo maana madaktari huogopa kumpandisha himoglobini mgonjwa kupita gramu 10 au 11 kwa desilita. Dawa ya voxelotor iliyotengenezwa Marekani ilipandisha himoglobini vizuri sana, ikaidhinishwa, kisha Septemba 2024 kampuni ya Pfizer ikaiondoa sokoni duniani kote. Katika jaribio moja la watoto waliokuwa hatarini kupata kiharusi, lililohusisha pia watoto wa Kenya, Nigeria na Ghana, walikufa 8 waliopewa dawa dhidi ya 2 waliopewa isiyo na kitu. Namba ya himoglobini ilipanda na vifo vikawa vingi zaidi. Anayetaka kujua hali ya mgonjwa wa sikoseli hana budi kuuliza kama damu inafika inakokwenda.

Swali hilo lina kipimo, na kipimo chenyewe hakichomi wala hakitoi damu. Ni mashine ya mawimbi ya sauti iitwayo Doppler, inayowekwa kwenye paji la pembeni la mtoto juu ya sikio na kusoma kasi ya damu katika mishipa mikuu ya ubongo. Bomba la kumwagilia ukilibana kwa kidole, maji hutoka kwa kasi zaidi. Mshipa wa ubongo uliosinyaa nao hufanya hivyo. Kwa watoto wa sikoseli kasi ikifika sentimita 200 kwa sekunde au zaidi, hatari ya kiharusi ni kubwa. Kati ya 170 na 200 ni eneo la kuangaliwa. Mwaka 1998 utafiti wa Robert Adams na wenzake huko Marekani ulionyesha kwamba watoto wenye kasi ya 200 wakiongezewa damu kila mwezi, viharusi vya kwanza hupungua kwa zaidi ya asilimia 90. Kabla ya hapo, mtoto mmoja kati ya kumi hivi mwenye sikoseli kali nchini humo alipata kiharusi kabla ya kutimiza miaka 20. Fikiria maana yake: mtoto hana dalili yoyote, anasoma vizuri, anaruka kamba, na mashine inamwambia daktari kwamba mkono wake wa kulia huenda usifanye kazi mwaka ujao. Hakuna mzazi wala mganga wa kienyeji wala bingwa anayeweza kuliona hilo kwa macho.

Kuongezewa damu kila mwezi kwa miaka ni jambo gumu kwetu: damu salama ni haba, na madini ya chuma hujilimbikiza mwilini. Jibu lililofanyiwa kazi karibu na sisi lilitoka Mwanza. Katika utafiti uitwao SPHERE, uliofanywa na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando pamoja na Hospitali ya Watoto ya Cincinnati ya Marekani, waliandikishwa watoto 202 wa miaka 2 hadi 16. Karibu robo ya waliopimwa walikutwa na kasi iliyovuka 170. Walipewa haidroksiurea, kidonge cha kila siku, na kasi ikashuka. Waliopima ni wahudumu wa Bugando waliofundishwa kazi hiyo hapohapo. Hili la mwisho ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu pingamizi la kawaida ni kwamba Doppler bila mtaalamu ni samani. Pingamizi hilo ni la kweli kabisa. Mashine nyingi zimefia kwenye maboksi katika nchi hii. Ila utaalamu wenyewe umeshaonekana kufundishika Mwanza, na kutoka hapo hadi Musoma ni safari ya basi ya nusu siku.

Haidroksiurea inastahili kuelezwa kwa kirefu, maana ndiyo inayofanya kazi kwenye ile saa. Huurudisha mwili kwenye kutengeneza himoglobini ya tumboni, ile ambayo mtoto huzaliwa nayo na ambayo haijiungi kwenye nyuzi. Himoglobini hiyo ndiyo inayomfanya mtoto wa sikoseli aonekane mzima kabisa miezi sita ya kwanza, kabla vidole vyake havijaanza kuvimba. Dawa pia huzifanya seli ziwe kubwa na zenye maji zaidi, hivyo mkolezo unapungua na kile kipeo cha 30 kinageuka kuwa rafiki. Na hupunguza unataji wa seli. Pingamizi la miaka mingi lilikuwa la haki: dawa hii ilianzia kwenye saratani, hushusha seli nyeupe, na katika nchi za malaria na maambukizi ingeweza kuua watoto kuliko ugonjwa. Watafiti wakaamua kupima badala ya kubishana. Jaribio la REACH liliwapa dawa watoto 606 katika vituo vinne: Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la tiba la New England yalisema kwamba, kwa kila miaka 100 ya wagonjwa, malaria ilishuka kutoka matukio 46.9 hadi 22.9, mahitaji ya kuongezewa damu kutoka 43.3 hadi 14.2, maumivu yakapungua kwa zaidi ya nusu, na vifo vikatoka 3.6 hadi 1.1. Mbale na Kilifi ni Afrika Mashariki, zenye mbu kama wetu. Anayeendelea kuwanyima watoto dawa hii kwa kuogopa malaria ana deni la kueleza namba hizo. Anayetaka uangalizi wa vipimo vya damu kwa anayeitumia, huyo yuko sahihi, na vipimo hivyo ni vya kawaida vya hospitali ya wilaya.

Hapa niondoe mkanganyiko mmoja ambao husikika hadi kwa watu waliosoma. Kinga dhidi ya malaria ni ya mwenye jeni moja. Mwenye jeni mbili hana bahati hiyo. Malaria ikimpata huvunja seli zake chache zilizobaki na kumuua haraka. Chandarua kwake ni lazima kuliko kwa mtu mwingine yeyote katika nyumba.

Wapo wanaosema fedha za dawa na vipimo hivi zingetumika kupima wachumba, tukaung'oa ugonjwa kwenye mzizi. Nawaelewa, na upimaji wa hiari ni jambo jema. Lakini tufanye hesabu. Bugando ilichukua matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, yaliyokuwa yakiletwa maabara kupima VVU kwa watoto wachanga wa mikoa ya kaskazini-magharibi, ikayapima pia sikoseli. Katika sampuli 17,200 za mwaka mmoja, zilizoripotiwa katika jarida la Shirika la Afya Duniani mwaka 2020, wabebaji walikuwa asilimia 20.3 na wagonjwa asilimia 1.2, yaani mtoto mmoja kati ya 80 na ushee. Ikiwa mtu mmoja kati ya watano ni mbebaji, basi kwa bahati tu ndoa moja kati ya 25 itawakutanisha wawili, na kila mimba yao ina uwezekano wa robo. Ukitaka kuzivunja ndoa hizo zote utavunja mapenzi mengi ya watu wazima, na mara nyingi lawama itamwangukia mwanamke ingawa jeni hutoka kwa wazazi wote wawili sawasawa. Hata ungefaulu, aliyezaliwa jana Kiabakari au Kibara amekwisha kuzaliwa. Yeye hahitaji ushauri wa uchumba wa wazazi wake.

Wengine wanatazama juu zaidi. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kupandikiza uloto kwa watoto wa sikoseli mwaka 2023, na ni jambo la kujivunia. Mwaka huohuo Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri jeni iitwayo Casgevy, ambayo bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Sitaki nchi yangu iache kuyafuatilia mambo hayo. Nakataa tu yageuzwe sababu ya kusubiri. Tanzania inakadiriwa kupata watoto 11,000 wa sikoseli kila mwaka. Upandikizaji unahitaji ndugu mwenye uloto unaoshabihiana, wodi maalumu na miezi ya uangalizi, na utawafikia wachache kwa miaka mingi ijayo. Isitoshe, mtoto aliyekwisha kupata kiharusi akiwa na miaka mitano hata akipandikizwa akiwa na kumi harudishiwi ubongo alioupoteza. Tiba kubwa za kesho zinahitaji watoto waliofika kesho wakiwa wazima.

Na hapa ndipo namba za Muhimbili zinapouma. Profesa Julie Makani na wenzake, waliofuatilia wagonjwa 1,725 tangu mwaka 2004 na kuchapisha matokeo mwaka 2011, walikuta vifo 1.9 kwa kila miaka 100 ya wagonjwa kwa jumla, lakini kwa walio chini ya miaka mitano vilikuwa 7.3. Hao ni watoto waliokuwa wamegunduliwa na wako chini ya kliniki bora kuliko zote nchini. Wale wanaokufa Bunda kabla jina la ugonjwa halijatajwa hawamo. Huandikwa malaria, homa ya mapafu au upungufu wa damu, au hawaandikwi kabisa. Nchi yetu bado haimpimi kila mtoto mchanga, ingawa vipo vipimo vya haraka kama Sickle SCAN na HemoTypeSC vinavyotoa jibu kwa tone la damu katika dakika chache bila umeme wa maabara. Penisilini ya kila siku kwa mtoto mdogo ilionyeshwa nchini Marekani tangu mwaka 1986 kwamba hupunguza maambukizi ya damu ya bakteria wa nimonia kwa asilimia 84. Jamaika iliwafundisha akina mama kupapasa bandama ya mtoto na kukimbia hospitali ikivimba ghafla, na vifo vya bandama vikapungua sana. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2014 unataka haidroksiurea ipendekezwe kuanzia miezi 9, hata kama mtoto hajaugua. Vyote hivi vina sharti moja: mtoto awe amejulikana mapema.

Najua jibu la ofisi za fedha: halmashauri ina maabara ya kukarabati, gari la wagonjwa halina matairi, na sikoseli ni ugonjwa mmoja kati ya mingi. Ni kweli. Lakini gharama ya kutofanya kitu haiko sifuri, imefichwa tu. Imo kwenye chupa za damu zinazotafutwa usiku wa manane, kwenye nauli ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Musoma hadi Mwanza na kurudi, kwenye mama aliyeacha genge lake wiki mbili kukaa wodini, na kwenye kijana wa miaka kumi na mbili anayelishwa kwa sababu kiharusi kilimpata mapema. Kwa kipimo cha gharama kwa kila maisha yanayookolewa, kidonge cha haidroksiurea na penisilini ya mtoto haviko kwenye fungu la anasa. Na kwa kuwa tayari tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, dawa ya kila siku ya sikoseli na vipimo vyake vinapaswa kukaa kwenye kitita cha msingi, kwenye zahanati na kituo cha afya, kusiwe na mgonjwa anayelazimika kupata rufaa ili tu achukue kidonge cha mwezi.

Mpangilio ninaoutaka hauna fahari. Kila mtoto anayezaliwa au anayeletwa chanjo ya kwanza Musoma, Bunda na Butiama apimwe sikoseli, na jibu liandikwe kwenye kadi yake ya kliniki. Aliyekutwa nayo aanze penisilini na apewe siku ya kliniki katika hospitali ya wilaya yake, na haidroksiurea ianzishwe kabla ya maumivu ya kwanza kila inapowezekana. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mwalimu Nyerere, kule Kwangwa, iwe na Doppler moja inayofanya kazi na wahudumu wawili waliofundishwa Bugando, ili akiwa likizoni mmoja mashine isilale. Mtoto wa miaka 2 hadi 16 apimwe kasi ya damu ya ubongo mara moja kwa mwaka. Mashine ije mwisho katika mpangilio huu, kwa sababu bila watoto waliotambuliwa na bila dawa ya kuwapa, kupima kasi ni kumtangazia mzazi msiba usio na dawa.

Madiwani wa halmashauri hizi watakapokaa kupitisha bajeti, wamuulize mganga mkuu wao maswali matatu: watoto wangapi wamepimwa sikoseli mwaka huu, wangapi kati ya waliokutwa nayo wanakunywa haidroksiurea, na stoo ya dawa ilikaa siku ngapi bila kidonge hicho. Na mzazi mwenye mtoto ambaye macho yake hugeuka manjano, au vidole vyake huvimba vyote kwa pamoja, asisubiri kikao. Aende kliniki wiki hii, aombe kipimo cha sikoseli kwa jina lake, na akishapata jibu aulize habari za haidroksiurea kabla hajatoka mlangoni.